Ndoo ya mlangoni: mwenye waswasi ni fundi wa usafi au mgonjwa?

"Asalaam alaykum dakta. Mie ni mama wa watoto watatu, naishi Wete, Pemba. Tangu usichana najijua kuwa usafi wangu umezidi wa wenzangu. Nikitia udhu narudia, nikiosha mikono narudia, na kwetu nikitaniwa 'Bibi Sabuni'. Ilipokuja korona 2020 mambo yakageuka. Mawifi zangu na majirani waliokuwa wakinicheka ndio waliokuja kuniuliza: mikono huoshwaje, noti zisafishwe na nini, mboga za sokoni zifanywe vipi. Niliwakusanya ukumbini kwangu, zaidi ya kina mama ishirini, nikawafundisha. Nikatia ndoo ya bomba mlangoni, na hakuna aliyeingia bila ya kuosha mikono mpaka viwikoni. Sheha mwenyewe alinisifu. Kwa kweli, dakta, nilijiona kama mtu aliyekuwa akisoma miaka yote kwa ajili ya mtihani ule. Korona imepita, ndoo bado ipo. Watoto wakirudi skuli huvua nguo mlangoni na kuoga kabla ya kula. Noti za karafuu nazifuta moja moja kwa maji ya jiki. Mikono imepasuka na hutoka damu, mche wa sabuni haufiki siku mbili. Mume wangu anasema haya ni maradhi na anataka kuiondoa ndoo. Mie nasema huu ni ujuzi, na ukija mripuko mwengine watanirudia tena. Nani mkweli? Na ndoo, aiondoe?"

Waalaykum salaam dada yangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na kilichonishika ni yale maneno ya mtihani. Nianze hapo, kwa sababu nadhani kila anayezungumza nawe juu ya jambo hili, pamoja na mume wako, huyapita mbio. Mtu aliyetaniwa tangu usichana, kisha siku moja waliomcheka wakajaa ukumbini kwake kutaka elimu yake, huyo amerudishiwa heshima. Atakayekuja baadaye kumwambia "hayo ni maradhi" ataonekana amekuja kuipokonya. Mimi siji kwa hilo. Lakini umeniuliza nani mkweli, na ukweli ni kwamba mume wako amelipata jina la kitu, na wewe unaijua sehemu yake ambayo yeye haioni. Kilichobaki ni kuutafuta mpaka baina ya ujuzi na maradhi. Nyote wawili mnautafuta kwenye wingi wa sabuni, na haupo hapo.

Kwanza nikupe haki yako. Mwaka ule wa 2020 wagonjwa wangu wa waswasi, maradhi ya mawazo yasiyomwacha mtu na vitendo anavyovirudia rudia, walinifundisha mambo. Kijana mmoja wa hapa mjini Unguja alinieleza habari ya muuza duka wa mtaani kwao aliyevaa glavu tangu asubuhi mpaka usiku, na watu wakimsifu kwa kujilinda. "Dakta," akaniambia, "glavu ile imeshika pesa, imeshika simu, imejikuna pua, sasa inakata mkate. Mkono mtupu angeuosha. Glavu haioshi mtu." Alikuwa sahihi kabisa, na siku hizo hata baadhi ya wahudumu wa afya walikuwa hawajaliona hilo. Mwenye waswasi wa uchafu anaufuata mguso kama baharia anavyoufuata mkondo: hiki kimegusa kile, kile kimegusa hiki. Watu wengine hawana macho hayo. Kwa hiyo ukisema kuna kitu unakijua ambacho majirani zako hawakukijua, sikubishii.

Ila si wote wenye maradhi haya waliopita njia moja wakati ule. Wapo waliotulia, kama wewe, kwa kuwa dunia nzima iliingia katika mwendo wao na wakaacha kuona haya. Wapo walioharibikiwa vibaya: miezi tuliyoitumia kuwafundisha kuosha mikono mara moja na kutosheka, ikamalizwa na tangazo la redio lililosema osha, osha tena. Na lipo kundi la tatu, ambalo ndilo lililonifikirisha zaidi. Nilikuwa na bibi mmoja aliyeumizwa miaka mingi na khofu ya najisi ya mbwa. Akipita njia aliyoiona imepitwa na mbwa, hurudi kukosha miguu, viatu na pindo la buibui kwa maji saba na mchanga, na bado halali. Ilipokuja korona bibi huyu hakushughulika nayo hata kidogo. Barakoa ilimchosha akaivua. Harusini alikwenda, mazikoni alikwenda. Nilipomuuliza haogopi, akanijibu, "Hiyo ni mafua tu, mwanangu."

Tafadhali lifikirie hilo kidogo. Kama maradhi haya yangekuwa ni ujuzi wa vijidudu uliozidi kiasi, bibi yule angekuwa wa kwanza kujilinda. Hakujilinda kwa sababu waswasi haufuati vijidudu. Waswasi una ramani yake wenyewe, umeichora zamani, na maradhi ya nje yakitokea mara hulingana na ramani hiyo na mara hayalingani. Kwako yalilingana, au yalionekana yamelingana.

Nasema yalionekana, na hapa naomba usinikasirikie. Uliwakusanya kina mama zaidi ya ishirini ukumbini. Ukumbi wa nyumba zetu unaujua: dirisha moja au mawili, pazia limeshushwa, watu wamekaa mkekani bega kwa bega. Ukawafundisha kuosha noti na mboga. Lakini korona ilikuwa inapita zaidi kwenye pumzi, kwenye hewa ya chumba kilichofungwa chenye watu wengi wanaozungumza. Mafunzo yako mazuri yalitolewa katika aina ya chumba ambacho maradhi yenyewe hukipenda. Ulilinda mlango wa mbele kwa ndoo na sabuni, na mwizi alikuwa na njia ya dirishani.

Hukuwa peke yako katika kosa hilo. Mwanzoni mwa 2020 dunia nzima ilikuwa ikifuta meza, vitasa na mifuko ya sokoni, na wataalamu wakubwa ndio walioshauri. Lakini mwaka mmoja baadaye, Aprili 2021, taasisi ya Marekani ya kudhibiti maradhi, CDC, ilitoa maelezo kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu kilichoingiwa na kirusi ni mdogo, kwa kawaida chini ya mara 1 katika miguso 10,000. Wataalamu wakabadilika: wakapunguza kufuta meza, wakahimiza kufungua madirisha. Wewe ulibadilika? Ndoo yako inanijibu. Mwenye ujuzi huenda na habari zinavyokuja, zikizidi akazidisha na zikipungua akapunguza. Ramani ya waswasi huongezwa tu, haifutwi. Noti ya karafuu unayoifuta leo unaifuta kwa amri ya mwaka ambao umeshapita.

Ipo tofauti nyengine, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi. Daktari wa upasuaji kabla ya kuingia chumbani huosha mikono mpaka viwikoni, kama ulivyowafundisha wageni wako. Huosha kwa dakika mbili mpaka tano, kwa hatua anazozijua, kisha huacha. Hajiulizi kama moyo wake umetulia. Muda umetimia, basi. Wewe unaacha lini? Sijakuona, lakini nadhani naweza kulisema jibu lako: unaacha pale unapohisi sasa imetosha, na hisia hiyo inazidi kuchelewa kila mwaka. Kuosha unakujua kuliko mimi. Kuacha ndiko kulikokushinda, na kuacha ni nusu ya kazi ya usafi.

Kwa nini hisia hiyo haiji? Katika ubongo wa kila mtu kuna mawasiliano yanayozunguka baina ya sehemu ya mbele, iliyo juu ya macho, na sehemu za ndani kabisa. Moja ya kazi zake ni kutoa habari kwamba jambo limekamilika: mlango umefungwa, mkono umetakata, endelea na mengine. Kwa mwenye maradhi haya mzunguko huo hufanya kazi kupita kiasi na habari ya "basi" haifiki sawasawa. Macho yanaona mkono safi, akili inajua ni safi, lakini kuna kitu ndani hakijatia saini. Ndiyo maana kukwambia "mbona mikono yako safi tu" hakukusaidii. Unajua ni safi. Hujui hivyo kwa namna inayokutuliza.

Na kurudia kunaharibu zaidi. Watafiti wa Uholanzi waliwahi kuwapa watu wazima wasio na maradhi yoyote kazi ya kuzima jiko la gesi kwenye kompyuta na kulikagua, tena na tena. Kadiri walivyokagua, kumbukumbu zao hazikupotea, walikumbuka vizuri tu walichokifanya. Kilichopotea ni imani yao juu ya kumbukumbu hizo. Picha ikafifia, wakawa hawana hakika. Hao ni watu wazima wa kawaida, na ilichukua muda mfupi tu. Wewe umekaguliwa na nafsi yako kwa miaka ishirini na kitu. Kila mkosho wa nne unauondolea itibari mkosho wa tatu.

Kuna jaribio jengine, la Marekani, ambalo nikiwasimulia wagonjwa wangu hucheka kisha hunyamaza. Mtu aliambiwa achague kitu anachokiona kichafu katika jengo. Kalamu ya risasi ikagusishwa kitu hicho, kalamu ya pili ikagusishwa ya kwanza, ya tatu ikagusishwa ya pili, mpaka kalamu ya kumi na mbili, na kila mara akiulizwa uchafu umebaki kiasi gani. Kwa watu wengine uchafu ulipungua haraka na baada ya kalamu chache ukawa haupo tena. Kwa wenye waswasi wa uchafu, kalamu ya kumi na mbili bado ilikuwa chafu. Yale macho ya kufuata mguso niliyoyasifu juu, haya ndiyo maradhi yake: mkondo haupungui nguvu. Vijidudu hufa, hukauka, hupungua kila vinapohama. Uchafu wa waswasi hauna umri. Sitashangaa kama kuna mkoba au buibui nyumbani kwako ambalo halijaguswa tangu 2020.

Jambo la mwisho katika hili, kisha nitakwenda kwenye tiba. Wanaoosha kama wewe aghalabu hawajiogopei wao. Wanaogopa wasije wakawa sababu. "Nikiumwa mimi ni kadari ya Mungu, lakini mama mkwe akiumwa kwa mkono wangu, nitasema nini?" Uzito huo wa dhamana ni mzuri kwa mtu, na waswasi hulala humo humo. Hukufanya uamini kwamba kitu ulichoweza kukizuia, hata kwa njia ya mbali mno, ni sawa na kitu ulichokitenda.

Umegusia udhu kwa neno moja tu, lakini nimeliona. Mimi si mwanachuoni na mambo ya dini nawaachia wenyewe, ila yale ninayowaambia wagonjwa wangu masheikh wameyaridhia. Mtume, rehema na amani zimshukie, akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, mudi, na akikoga janaba kwa pishi mpaka mudi tano. Kibaba ni kama ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima vilivyokusanywa. Kosha ya kiungo ni tatu, na anayezidisha amekosea, hazidi kutakata. Na kanuni ya fikihi, ambayo watoto wa chuoni huihifadhi, ni kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Unajua umetia udhu, unashuku umetenguka: una udhu. Wanavyuoni waliujua waswasi zamani sana kabla ya madaktari, na dawa waliyoielekeza, kuupuuza na kupita, inashabihiana mno na tiba tuitumiayo leo. Ukimwendea sheikh, muombe akupe fatwa moja, na usimrudie wiki ijayo kuuliza tena swali lile lile kwa namna nyengine. Kuuliza tena nako ni kuosha.

Sasa, je, ni maradhi? Tunaangalia kama mawazo na vitendo vinakula zaidi ya saa moja kwa siku, kama vinamtesa mtu, na kama vinaharibu kazi au nyumba. Kwa uliyoyaandika, mikono inayotoka damu na watoto wanaovuliwa nguo mlangoni, jibu langu ni ndiyo: hii ina kila dalili ya maradhi ya waswasi, yale yanayoitwa OCD kwa kifupi cha Kiingereza. Lazima akuone mtu ana kwa ana kabla ya kulithibitisha, siwezi kulithibitisha kwa barua. Usidhani umetengwa. Katika kila watu mia, mmoja mpaka watatu hupatwa nayo wakati fulani wa maisha yao. Katika mji wa Wete peke yake mnao wenzenu wengi, kila mmoja amejifungia na ndoo yake.

Kuhusu mikono, nifafanue, kwani wewe ni mtu wa hoja. Ngozi ya juu imejengwa kama kuta za Mji Mkongwe, mawe na chokaa. Mawe ni seli zilizokufa, chokaa ni mafuta yaliyo baina yake. Kirusi cha korona kina koti la mafuta, na sabuni hukiua kwa kulivunja koti hilo. Sabuni haichagui mafuta ya kuvunja. Mara kumi kwa siku ngozi inajikarabati. Mara hamsini, na jiki juu yake, chokaa inakwisha na ukuta unapasuka. Katika mipasuko ndimo bakteria hukaa, mahali ambapo sabuni haifiki vizuri. Kwa hiyo mkono wako wa leo, kwa kipimo cha vijidudu tu, ni mbaya kuliko ule wa jirani yako anayeosha mara saba. Jiki usiitumie kwenye ngozi tena, kuanzia leo. Na isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye asidi, siki wala amonia, kwani mvuke unaotoka huunguza mapafu. Kila ukiosha, paka mafuta ya mgando mkono ukiwa bado na unyevu. Najua utanambia mafuta yanashika uchafu. Paka hivyo hivyo.

Tiba ya kweli ipo ya namna mbili. Ya kwanza ni mazoezi ya kukikabili kinachokutisha na kujizuia kuosha. Yalianza London mwaka 1966, mwanasaikolojia aitwaye Victor Meyer alipowajaribu wagonjwa wawili walioshindikana kwa tiba zote, na mpaka leo hakuna mazungumzo yaliyoyashinda kwa maradhi haya. Hutumbukizwi kwenye taka. Unaorodhesha vinavyokutisha, unavipa alama kutoka sifuri mpaka mia, unaanza na cha thalathini au arubaini. Tuseme kitasa cha mlango wa jikoni. Unakishika, huoshi. Khofu inapanda, kifua kinabana, viganja vinawasha. Unakaa nayo unapika au unasuka ukili, bila ya kusoma dua ya kujitakasa kimoyomoyo, kwa kuwa hiyo nayo ni sabuni. Mara nyingi khofu hushuka yenyewe. Siku nyengine haishuki upesi, na hapo unajifunza jambo lenye faida zaidi: kwamba unaweza kuishi nayo ukala chakula chako. Kesho tena, keshokutwa tena, kisha kitu kinachofuata. Ni tiba ngumu. Baadhi ya watu huianza na kuikimbia, na sitakuficha hilo. Lakini wengi wanaoimaliza hupata nafuu unayoiona kwa macho.

Ya pili ni dawa. Fluoksetini ni miongoni mwa zinazotumika zaidi, na ipo klomipramini ambayo ni kongwe na ina nguvu lakini ina maudhi mengi: kukauka mdomo, kufunga choo, usingizi. Dozi ya waswasi mara nyingi ni kubwa kuliko ya sonona, na huchukua wiki 8 mpaka 12 kujua kama imekubali. Watu huiacha wiki ya tatu wakasema haifai. Usiianze wala kuiacha bila ya daktari, na mwambie kama una mimba au unanyonyesha. Vidonge vya kutuliza kama valiamu si tiba ya hili, vinazoesha mwili na kuacha maradhi palepale. Kwa hali yako ningependelea mazoezi na dawa pamoja, lakini ukikataa dawa na ukawa tayari kwa mazoezi, sitakugomea.

Kisomo na kombe, kama familia inataka, sina ugomvi nacho, mradi hakikukoseshi dawa na hakuna kupigwa wala kufungwa. Kungoja ipite yenyewe sikushauri. Kwa watu wazima huwa haipiti, hupungua na kurudi.

Kwa Pemba, anza na hospitali iliyo karibu nawe, hapo Wete au Chake Chake, na uulizie wanaoshughulikia afya ya akili. Wakiona kuna haja watakuelekeza Unguja. Watu huliogopa jina la Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya huko, kana kwamba ni mahali pa kupelekwa waliokwisha. Wengi wanaotibiwa huko hurudi makwao siku hiyo hiyo. Sema wazi mwanzoni: "Nina mawazo ya uchafu yasiyoniacha, na naosha kwa saa kadhaa kwa siku." Ukisema tu "nina wasiwasi" utapewa dawa ya wasiwasi, kwani kwa Kiswahili chetu maneno haya mawili, waswasi na wasiwasi, yamekaribiana mno. Usingoje miadi ukiona mikono imevimba, inatoa usaha au una homa, ukiwa huli kwa khofu ya chakula, mtoto akiungua kwa jiki, au likikujia wazo kwamba kheri ufe kuliko kuishi hivi. Hilo la mwisho mwambie mtu siku hiyo hiyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Watoto sasa. Hili ndilo lingenitia mimi haraka kama ningekuwa mume wako. Hujaniambia umri wao, lakini mtoto anayevuliwa nguo mlangoni kila siku anafundishwa kwamba skuli, marafiki na barabara ni sumu. Maradhi haya huenda katika familia, sehemu kwa damu na sehemu kwa mazoea. Siku utakapoanza mazoezi, jambo la watoto liwe karibu na mwanzo wa orodha hata kama alama yake ni kubwa. Waoshe mikono na miguu, wale. Wataoga jioni kama watoto wengine wa mtaani.

Na mripuko mwengine ukija? Utakuja, wala huo si waswasi. Kipindupindu kilitutesa Unguja na Pemba 2015 na 2016, na katika kipindupindu mkono na maji ndiyo njia kubwa yenyewe, si kama korona. Siku hiyo usafi utahitajika kweli. Osha mikono baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kulisha. Sugua sekunde 20, suuza, maliza. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini. Bwana afya akitangaza zaidi ya hayo, fanya alichotangaza kwa kiasi alichotangaza, na siku akiondoa amri nawe uondoe. Yeye ndiye awe saa yako mpaka yako itengenezwe. Majirani wakikurudia kukuuliza, waambie hayo hayo ya bwana afya bila ya kuongeza lako. Najua hili litakuuma, lakini kwa sasa nisingependa uwe mwalimu wao tena. Si kwa kuwa hujui. Kila utakapowafundisha waogope, waswasi wako utakuwa umepata wafuasi, na maradhi yenye wafuasi ni magumu kutibika. Ukishapona nusu yake, mambo mengine. Nina watu wawili niliowatibu ambao leo ni wepesi sana wa kuwatuliza wengine kwenye misiba na maradhi, kwa sababu khofu wanaijua kwa sura.

Mume wako mpe barua hii aisome. Nina maneno mawili kwake. Usimcheke, na usiufuate waswasi wake. Akikuuliza kwa mara ya tano "una hakika umeosha?", mjibu mara moja kwa upole, "Nimeshakujibu, mke wangu," kisha ubadilishe mazungumzo. Ukimjibu mara tano umeyamwagilia maradhi yakue.

Na ndoo: asiiondoe yeye. Ndoo ikiondolewa kwa nguvu leo utahamia bombani, kisimani, chooni, na utakuwa na ugomvi wa nyumba juu ya maradhi. Iache hapo. Wiki hii aache kuijaza mume wako, ijaze mwenyewe, nusu badala ya pomoni. Mgeni akija, kaa ndani usimsimamie. Akiosha ameosha, akipita amepita, wewe mpe mkono, mkaribishe na umpe kahawa. Kipe kitendo hicho alama yake kwenye orodha, tuone kimeangukia wapi. Siku utakapomwona mama mkwe amepita bila ya kuosha, ukala naye sahani moja, siku hiyo ichukue ndoo mwenyewe uipeleke bandani kuchotea maji ya kuku.